Damu ya Fizi na Dalili Zinazojificha Kisiwani Mombasa

Ugonjwa wa fizi unaojulikana kitaalamu kwa jina la jinjivitisi ni uvimbe unaotokea katika nyama laini inayozunguka shingo za meno, nao husababishwa, kwa watu walio wengi, na utando wa vijidudu ulioachwa ukae juu ya jino bila kuondolewa. Vitabu vinavyofundishia madaktari wa meno huzitaja dalili zake kwa mpangilio uliozoeleka: kwanza fizi hugeuka rangi kutoka waridi hadi nyekundu, kisha ukingo wake hunenepa na kung'aa, kisha nyama yake hulegea, na hatimaye hutoka damu. Mpangilio huo uliandikwa zaidi na wataalamu waliokuwa wakivitazama vinywa vya Ulaya ya Kaskazini na Marekani, na unapochukuliwa kama ulivyo na kupelekwa Mombasa, katika mitaa kama Kibokoni, Mkanyageni, Kuze au Bondeni, dalili ya kwanza, yaani wekundu, mara nyingi huwa vigumu kuonekana, na ile ya mwisho, yaani damu, ndiyo inayostahili kutangulizwa. Hata damu yenyewe ina namna zake za kujificha katika mji huo, nyingine za maumbile na nyingine za mazoea, na ni namna hizo zinazofanya watu wengi wakae na fizi zinazougua kwa miaka huku wakijihesabu kuwa wazima.

Dalili za ugonjwa haziwezi kueleweka bila ya hali ya uzima kuelezwa kwanza. Fizi nzima imekazana na haibonyei ovyo inapoguswa. Ukingo wake ni mwembamba na umelilalia jino vizuri, na kati ya jino na jino hupanda na kuijaza nafasi kwa ncha ya pembetatu. Baina ya ukingo huo na jino kuna mfereji mwembamba ambao kina chake hakizidi milimita 3. Sehemu iliyoshikamana na mfupa huwa, kwa baadhi ya watu, na vishimo vidogo vidogo vinavyofanana na vya ganda la chungwa, ingawa wako wazima wengi wasiokuwa navyo, na kwa hiyo kutokuwepo kwake pekee si hoja ya ugonjwa. Jambo la kutiliwa maanani ni pale mtu aliyekuwa navyo anapovipoteza na fizi yake ikawa laini na yenye kung'aa, kwa kuwa maji ya uvimbe yamejaa ndani yake.

Rangi ndiyo inayoleta utata mkubwa zaidi. Weusi wa fizi unaoonekana kwa Waswahili na Wamijikenda walio wengi, na pia kwa Waarabu, Wahindi na Wabulushi wengi wa Mji wa Kale, hutokana na melanini, ambayo ndiyo rangi inayoipa ngozi weusi wake, na ambayo hutengenezwa na chembe maalumu zilizoko katika tabaka la chini la utando wa juu wa fizi. Weusi huo si uchafu, si ugonjwa, wala hauondoki kwa kusuguliwa, na wanaousugua kwa unga wa mkaa wakitumaini kuung'arisha huishia kuijeruhi nyama na kulikwangua jino. Katika nyumba moja ya Mji wa Kale, ambako damu za Pwani, Hadhramaut, Omani na Gujarati zimechanganyika kwa vizazi vingi, mama anaweza kuwa na fizi za waridi, mtoto wake wa kwanza akawa na fizi zenye mabaka ya hudhurungi, na wa pili akawa na fizi nyeusi tititi, na wote watatu wakawa wazima kabisa. Hapana rangi moja, kwa hiyo, inayoweza kufanywa kipimo cha wote, na kinywa cha mtu hakina budi kulinganishwa na chenyewe. Uvimbe unapoanza, mishipa midogo ya damu hupanuka, na wekundu wake unapopita chini ya melanini hauonekani kuwa wekundu. Huonekana kuwa rangi ya damu ya mzee, au weusi uliokolea kuliko kawaida, na pengine hauonekani kwa namna yoyote. Melanini hukolea zaidi katika sehemu iliyoshikamana na mfupa kuliko kwenye ukingo wenyewe, na hivyo anayetaka kujitazama kwenye kioo hufaidika zaidi akiuangalia ule mstari mwembamba unaogusana na jino, kwa mwanga wa mchana, kuliko akiiangalia fizi nzima kwa jumla.

Chanzo cha uvimbe huo kilibishaniwa kwa muda mrefu. Muda mfupi baada ya jino kusafishwa, protini za mate hulishika na kufanya utando usioonekana, na juu ya utando huo vijidudu vya kwanza, ambavyo vingi vyao ni vya jamii ya duara, huanza kujibandika na kuzaana. Huo ndio ukoga, lile tabaka laini la rangi ya maziwa linaloweza kukwanguliwa kwa ukucha. Ukiachwa kwa siku kadhaa, wakazi wake hubadilika: huingia vijidudu vyembamba na virefu, kisha vile vilivyojisokota ambavyo hupenda pahali pasipo na hewa, na sumu zao huuchokoza mwili hadi ukapeleka chembe nyeupe za damu kupambana navyo. Chumvi za mate nazo huugandisha ukoga mkongwe ukawa ugaga, ambao ni mgumu, wa manjano au wa hudhurungi, na ambao hakuna mswaki wowote unaoweza kuuondoa.

Ushahidi uliomaliza ubishi ulitolewa mwaka 1965, wakati Harald Löe, mtaalamu wa Kinorwei aliyekuwa akifanya kazi mjini Aarhus nchini Denmark, alipochapisha pamoja na wenzake matokeo ya jaribio ambalo kwa urahisi wake lingeweza kufanywa popote. Watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, walikubali kuacha kabisa kusafisha meno yao. Katika muda wa siku 10 hadi 21 kila mmoja wao alipata uvimbe wa fizi, na waliporudia kusafisha, fizi zilirejea katika uzima kwa muda wa takriban wiki moja. Jaribio hilo lilithibitisha mambo mawili ambayo hayajatenguliwa hadi leo: kwamba ukoga pekee unatosha kuleta jinjivitisi kwa mtu asiye na upungufu wowote wa chakula, na kwamba ugonjwa huo, tofauti na magonjwa mengi, huondoka wote bila ya kuacha kovu pale sababu yake inapoondolewa.

Mombasa yenyewe ina ukurasa katika historia ya fizi, nao unafaa kukaliwa kidogo kwa sababu kosa lililomo ndani yake bado linafanywa madukani. Vasco da Gama alipopita mwambao wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa mwaka 1498, mabaharia wake walikuwa wakiugua kiseyeye. Shajara ya safari hiyo, ambayo kwa kawaida huhusishwa na Álvaro Velho, inaeleza kwamba walipokuwa karibu na mahali panapoitwa sasa Quelimane, nchini Msumbiji, mikono na miguu ya wengi ilifura, na fizi zao zikaota juu ya meno hata wakashindwa kula. Tarehe 7 Aprili meli zilitia nanga nje ya Mombasa, na mtawala wa mji akawapelekea kondoo pamoja na machungwa, ndimu na miwa. Mwandishi wa shajara anaarifu kwamba wagonjwa wote walipata afya walipofika hapo, na sababu anayoitoa ni kwamba hewa ya mahali hapo ni nzuri sana. Hewa ya Mombasa ni nzuri, hilo halina mjadala, lakini sifa iliyopewa hewa ilikuwa ni haki ya machungwa. Siku sita baadaye, baada ya kutoaminiana kwa pande zote mbili, meli ziling'oa nanga kuelekea Malindi. Na Januari 1499, safari ya kurudi kutoka India ilipokuwa imekwisha kuua wengi kwa maradhi yale yale, wagonjwa waliofika Malindi hawakuitaka hewa, bali walitaka waletewe machungwa.

Kiseyeye hutokana na ukosefu wa vitamini C, ambayo bila yake mwili hauwezi kutengeneza nyuzi imara zinazoshikilia nyama na kuta za mishipa ya damu, na ndiyo maana damu huvuja si kwenye fizi peke yake bali pia chini ya ngozi na ndani ya viungo. Daktari Mskoti James Lind aliwapa baadhi ya mabaharia wagonjwa machungwa na ndimu katika jaribio lake la mwaka 1747, na ni sadfa ya kupendeza kwamba watu wake nao walikuwa 12, sawa na wale wa Aarhus zaidi ya karne mbili baadaye. Majaribio hayo mawili yakiwekwa pamoja yanatoa mpaka ulio wazi. Katika kisiwa ambacho ndimu haikosekani mezani, na maembe, mapera na machungwa huuzwa katika soko la Marikiti karibu mwaka mzima, fizi inayotoka damu ni nadra sana kuwa ya kiseyeye. Karibu kila mara ni ya ukoga. Hata hivyo watu wengi wanaoona damu kwenye mswaki hukimbilia duka la dawa kununua tembe za vitamini C, huzitafuna wiki nzima, na hushangaa kwamba damu haijakoma. Tembe hizo haziwezi kuutoa ukoga uliogandia jino, kama vile mswaki usivyoweza kumponya baharia aliyekaa miezi bila tunda.

Namna damu inavyopimwa na wataalamu ni jambo linaloweza kumfaa hata asiye mtaalamu. Daktari hutumia kipimio chembamba cha chuma, ambacho kwa muundo uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kina kitufe cha nusu milimita kwenye ncha yake, akakipitisha taratibu ndani ya ule mfereji ulio baina ya fizi na jino, kwa nguvu ndogo ya takriban gramu 25, kisha akangoja kwa sekunde chache kuona kama damu itachomoza. Fizi nzima haitoki damu kwa mguso huo. Mwaka 1963 Löe na mwenzake Silness walitunga kipimo cha alama kuanzia 0 hadi 3: sifuri ni uzima, moja ni mabadiliko madogo ya rangi na uvimbe kidogo usiotoka damu, mbili ni wekundu, uvimbe na kung'aa pamoja na damu inayotoka kwa kuguswa, na tatu ni uvimbe mkubwa wenye vidonda na damu inayotoka yenyewe. Kipimo hicho kimetumika duniani kote na kimefanya kazi kubwa, lakini alama ya kwanza inategemea jicho linaloona rangi, na jicho hilo katika kinywa cheusi hukosa cha kushika. Heri zaidi ni maoni ya H. R. Mühlemann wa Zürich, ambaye mwaka 1971 alionyesha pamoja na mwenzake kwamba damu kutoka katika mfereji wa fizi hutangulia mabadiliko ya rangi na uvimbe, na hivyo ndiyo dalili ya mwanzo ya kutegemewa. Uainishaji mpya wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2018 umeegemea upande huo huo: mtu huhesabiwa kuwa na jinjivitisi ikiwa damu hutoka katika asilimia 10 au zaidi ya sehemu zilizopimwa, na ikizidi asilimia 30 uvimbe huitwa wa kuenea. Rangi haimo katika hesabu hiyo.

Asiyekuwa na kipimio ana mswaki wake, beseni la kunawia na mate yake mwenyewe. Damu inayobaki kwenye nywele za mswaki, povu lenye rangi ya waridi, alama nyekundu kwenye embe au tofaa lililoumwa, ladha ya chuma mdomoni asubuhi, na harufu mbaya isiyoondoka kwa karafuu wala iliki, zote ni habari moja. Maumivu hayamo katika orodha hiyo, kwa kuwa jinjivitisi ya kawaida haiumi, na kutouma huko ndiko kunakoufanya ugonjwa upuuzwe. Linalosikitisha zaidi ni lile linalofanywa na wengi pale damu inapoonekana: mswaki hulaumiwa kuwa ni mgumu, sehemu inayotoka damu huepukwa ili ipumzike, na ukoga hupewa nafasi ya kuongezeka hapo hapo ambapo fizi inaugua. Katika jinjivitisi mswaki huifichua damu tu, na tiba ya sehemu inayotoka damu ni kusafishwa zaidi, kwa mswaki laini na kwa upole, mpaka damu ikome baada ya siku saba hadi kumi.

Mazoea ya mji nayo yana mchango katika kuificha damu hiyo, na la kwanza kutajwa ni tambuu. Jani la tambuu linalopakwa chokaa na katu, likafungiwa popoo na viungo, na kwa baadhi ya watu likaongezwa tumbaku, ni sehemu ya maisha ya Mji wa Kale, iwe kwenye vibanda vya vichochoroni, iwe kwenye baraza za wazee au katika shughuli za harusi. Utafunaji wake huyafanya mate kuwa mekundu, na mtafunaji wa kila siku aliyezoea kutema mate ya rangi hiyo hana njia ya kutambua siku ambayo sehemu ya wekundu huo ni damu yake mwenyewe. Chokaa, kwa upande wake, huzidisha mgando juu ya meno, na madoa meusi ya tambuu hutia giza ukingo wa fizi ambao ungepaswa kutazamwa. Popoo lina madhara makubwa zaidi ya hayo: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliainisha mwaka 2004 kuwa utafunaji wake husababisha saratani hata pasipo tumbaku, na huweza kuikaza nyama ya mashavu hadi mtu akashindwa kuupanua mdomo. Mabuyu ya watoto, yanayotiwa rangi nyekundu na sukari, hayana hatari hiyo ya popoo, lakini kwa habari ya kuficha damu hufanya kazi ile ile, na mzazi anayeona ulimi mwekundu jioni hulaumu mabuyu kwa haki bila ya kufikiri kwamba kunaweza kuwa na jambo la pili.

Tumbaku huficha kwa njia tofauti kabisa na iliyo ya hadaa zaidi. Moshi wa sigara huathiri mishipa midogo ya fizi na mwitikio wa mwili, kiasi kwamba mvutaji mwenye ukoga mwingi hutoka damu kidogo kuliko asiyevuta mwenye ukoga uo huo, na fizi zake huonekana ngumu na zimetulia huku mfupa unaoshikilia meno ukiliwa chini kwa chini. Anapoacha kuvuta, damu huweza kuongezeka ndani ya wiki chache, na wengine huogopa wakadhani kuacha sigara kumewadhuru, ilhali fizi ndizo kwanza zimerudishiwa uwezo wa kutoa ishara.

Kuhusu miraa na muguka, tahadhari inahitajika ili lisisemwe zaidi ya linalojulikana. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Shariff Nassir alipiga marufuku muguka katika Kaunti ya Mombasa, na baada ya siku chache Mahakama Kuu ya Embu ikalisimamisha agizo hilo; mjadala uliofuata uligusa zaidi vijana, uchumi na afya ya akili kuliko vinywa. Tafiti zilizofanywa Yemen na Kenya juu ya watafunaji hazikukubaliana: baadhi zilikuta fizi zilizorudi nyuma upande ule unaotafunia, na nyingine hazikuona kwamba majani yenyewe yanazidisha ugonjwa wa fizi. Kisichobishaniwa ni mazingira ya utafunaji, yaani saa nyingi za kukesha, mdomo uliokauka, soda na bigijii zenye sukari za kuondoa uchungu, sigara ya kusindikiza, na usingizi unaomchukua mtu alfajiri bila ya kusafisha kinywa.

Mwili wenyewe pia hubadilisha sura ya ugonjwa. Mwanamke mjamzito huona fizi zake zikifura na kutoka damu kuanzia mwezi wa pili na kuzidi hadi karibu na mwezi wa nane, kwa kuwa homoni za mimba huifanya fizi iuitikie ukoga kidogo kwa uvimbe mkubwa. Na kile kipimo cha alama 0 hadi 3 kilichotajwa hapo juu kilitungwa hasa katika utafiti juu ya wajawazito. Imani kwamba mjamzito asiguswe meno mpaka ajifungue haina msingi, kwani kusafishwa ugaga ni salama na miezi ya katikati ya mimba ndiyo inayofaa zaidi. Mgonjwa wa kisukari kisichodhibitiwa hupata uvimbe mkali kuliko wenzake. Dawa fulani, kama fenitoini inayotumiwa kwa kifafa na nifedipini inayotumiwa kwa shinikizo la damu, huweza kuinenepesha fizi hadi ikafunika sehemu ya jino, na anayeona hivyo arudi kwa daktari aliyemwandikia, asiiache dawa kwa uamuzi wake. Fizi zenye vidonda, maumivu makali na ncha zilizoliwa kati ya meno ni ugonjwa mwingine mkali zaidi, unaoonekana hasa kwa watu ambao kinga zao zimepungua, na huo hausubiri.

Swali linaloulizwa kila mara ni kama kila fizi inayotoka damu itaishia kwa meno kung'oka, na jibu lake bora lilipatikana Kenya. Mwaka 1988 Vibeke Baelum na Ole Fejerskov kutoka Denmark, pamoja na Mkenya Firoze Manji, ambaye baadaye alijulikana zaidi kama mwasisi wa jarida la Pambazuka, walichapisha uchunguzi wa watu 1,131 wa Machakos wenye umri wa miaka 15 hadi 65. Walikuta ukoga, ugaga na damu kwa wingi mno, lakini uharibifu mkubwa wa mfupa ulikuwa umejikusanya kwa watu wachache. Matokeo hayo yaliitikisa dhana ya wakati huo kwamba Waafrika wote wasiosafisha meno kwa kipimo cha Ulaya walikuwa njiani kubaki vibogoyo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa Kenya wa mwaka 2015 nao ulikuta damu ya fizi kwa zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima. Jinjivitisi ni ya karibu wote, na periodontitisi kali, yaani ule ugonjwa unaovunja mshikamano wa jino na mfupa, ni ya wachache. Lakini hakuna daktari awezaye kumtazama kijana wa miaka 20 akamwambia kwa yakini kuwa hatakuwa miongoni mwa hao wachache, na mfupa ukishaliwa haurudi kwa mswaki.

Mombasa haina upungufu wa zana za kujikinga. Mswaki wa mti, unaouzwa kwa mafungu nje ya misikiti na hasa katika mwezi wa Ramadhani, una kemikali inayoua baadhi ya vijidudu vya ukoga, na Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake mwaka 1986 pale ulipo wa desturi. Tafiti za Tanzania na Saudia zinaonyesha kwamba anayejua kuutumia huweza kusafisha sawa na mwenye brashi, na neno zito hapo ni kujua, kwa kuwa wengi huusugua kwa meno ya mbele, upande wa nje, huku wakizungumza, na wakaacha upande wa ndani na magego ambako ukoga hukaa kwa raha. Ncha yake itafunwe hadi iwe laini, ikatwe na kufanywa upya kila baada ya siku moja au mbili, na ipitishwe kando ya ukingo wa fizi bila ya kuukwaruza. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, kupiga mswaki baada ya zawali ni makuruhu kwa aliyefunga, na kwa hiyo nyakati mbili zinazobeba uzito wote ni baada ya daku na baada ya futari. Kaimati, tende na haluwa zilizoganda kati ya meno hazifai kuachwa usiku kucha hadi asubuhi. Kati ya jino na jino, ambako jinjivitisi huanzia, mti na brashi vyote hushindwa, na uzi wa meno ndio unaofika.

Karafuu hutuliza maumivu na maji ya chumvi vuguvugu hupunguza uvimbe kwa muda, lakini hakuna hata kimoja kinachoutoa ugaga. Ndimu isipakwe kwenye meno, kwani asidi yake hulila jino lenyewe. Ugaga huondolewa kwa vyombo na daktari au afisa wa afya ya kinywa, katika kliniki za umma, ikiwemo Hospitali Kuu ya Rufaa na Mafunzo ya Pwani, na katika hospitali binafsi za kisiwani. Wapo wanaodai kwamba kusafishwa huko huyalegeza meno na kuyapanua mapengo. Ukweli ni kwamba mapengo yalikuwapo na yalikuwa yamejazwa na ugaga, na jino linaloonekana kulegea lilikuwa limelegea tayari huku limeshikizwa na uchafu. Aliyeona damu usiku huu asiukimbie mswaki; aisafishe sehemu hiyo kwa upole asubuhi na jioni kwa siku kumi, na ikiwa siku ya kumi na moja damu bado ipo, basi kilichobaki hapo ni ugaga au maradhi mengine, na kazi imetoka mikononi mwake na kuingia mikononi mwa daktari wa meno.